Gundi ya kupuliza na mtoto visikae chumba kimoja

Saa tatu usiku watoto wameshalala. Mama anasogeza meza ya sebuleni pembeni, anatandika kitambaa sakafuni, juu yake anaweka pamba ya kujazia, kisha anamalizia na kitambaa cha viraka vya vitenge alichokiunganisha kwa wiki nzima. Anatikisa kopo la gundi na kuanza kupuliza. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu. Mlango wa chumba cha watoto uko wazi ili amsikie mdogo akilia.

Dakika tano baadaye matabaka matatu yameshikana vizuri. Kazi ambayo kwa pini ingemla saa nzima imekwisha. Lakini sebule nzima inanuka, na hewa ile haijui kwamba mlango wa kule ni wa chumba cha watoto.

Picha hii ni ya kawaida kwa wazazi wanaoshona nyumbani, wawe wanashona kwa ajili ya familia au kwa kuuza seti za vitanda vya watoto. Mfarishi, lile shuka nene lenye pamba katikati, una kazi moja inayochosha kabla ya kufika kwenye cherehani: kushikiza matabaka ili yasiteleze wakati wa kushona. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa kupiga bandi, yaani kushona kwa mkono kwa hatua kubwa kubwa, au kwa pini. Sasa gundi ya kupuliza imeingia, inaokoa muda na mgongo.

Gundi hiyo si adui. Tatizo ni kwamba wengi huichagua kwa bei na kuitumia kama marashi ya chumbani, ilhali ndani ya kopo kuna vitu vinavyotaka heshima.

Ndani ya kopo kuna nini

Kopo la gundi ya kupuliza lina vitu vitatu. Cha kwanza ni gundi yenyewe. Cha pili ni kiyeyushi, kimiminika kinachoifanya gundi iwe nyepesi ipite kwenye tundu dogo, kisha kikauke haraka. Vinavyotumika sana ni pamoja na asetoni, heptani na heksani. Cha tatu ni gesi ya kusukuma, ambayo mara nyingi ni propani, butani au dimethili etha. Propani na butani ndizo gesi zinazojazwa kwenye mitungi ya kupikia.

Hapo ndipo hatari ya kwanza inapoonekana. Anayepuliza gundi ndani ya chumba anaachia hewani gesi inayoshika moto. Gesi hizo na mvuke wa viyeyushi ni nzito kuliko hewa, hivyo hazipandi kwenda darini. Zinashuka, zinatambaa sakafuni, na zinaweza kukifuata chanzo cha moto kilichoko mbali na pale mama alipopiga magoti.

Chanzo hicho si lazima kiwe jiko la mkaa. Dawa ya mbu ya kuwasha iliyowekwa pembeni inatosha. Chetezo cha udi kinatosha. Mshumaa wakati umeme umekatika, koroboi, jiko la gesi jikoni, sigara ya baba anayeingia, hata cheche ndogo kwenye swichi ya feni, vyote vinaweza kuwasha mvuke uliojikusanya.

Baadhi ya makopo huandikwa kwamba hayana gesi za CFC zinazoharibu tabaka la ozoni. Wanunuzi wengine hudhani maandishi hayo yana maana ya usalama nyumbani. Hayana. Marekani ilizuia gesi hizo kwenye makopo mengi ya kupuliza mwaka 1978, na viwanda vingi vikahamia propani na butani, ambazo zinawaka.

Kuna gundi ambazo hazina harufu kali. Nazo zisimdanganye mzazi. Pua kutosikia kitu hakumaanishi hewa ni safi.

Mafunzo kutoka vyumba vya kazi

Hatari ya pili ni ya mwili. Miaka ya 1960 nchini Japani, watu waliokuwa wakitengeneza ndara za plastiki majumbani mwao, kwenye vyumba visivyopitisha hewa vizuri, walianza kufa ganzi miguuni na mikononi. Wengine walishindwa kutembea sawasawa. Chanzo kilikuwa heksani kwenye gundi waliyoitumia kila siku. Kiyeyushi hicho, kikivutwa kwa muda mrefu, huharibu mishipa ya fahamu.

Miongo minne baadaye jambo linalofanana lilijitokeza Marekani. Taarifa ya kitabibu iliyochapishwa mwaka 2007 ilieleza wafanyakazi sita waliokuwa wakigundisha sponji za mito kwa gundi ya kupuliza. Wote walipata madhara makubwa ya mishipa ya fahamu, na kiyeyushi kilichohusika kiliitwa bromopropani.

Mama anayeshona mifarishi miwili kwa mwaka hayuko kwenye hali hiyo. Lakini mama aliyepata oda ya seti 30, anayepuliza kila usiku kwenye chumba kimoja chenye madirisha yaliyofungwa, ameanza kufanana na wale wa Japani: kazi ya kila siku, gundi ya kila siku, na nyumba ndiyo karakana.

Dalili za mapema ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuwasha na koo kukereketa. Anayezipata anapopuliza gundi asimeze dawa ya maumivu na kuendelea. Mwili unamwambia atoke nje.

Kisa cha mwaka 1973

Kuna upande wa pili wa habari hii, ambao wajawazito hasa wanapaswa kuujua.

Agosti 1973, tume ya usalama wa bidhaa za walaji ya Marekani ilipiga marufuku baadhi ya gundi za kupuliza. Uamuzi ulitokana na matokeo ya awali ya mtafiti wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, yaliyoonyesha kwamba gundi hizo huenda zinavunja kromosomu na kusababisha watoto kuzaliwa na kasoro. Habari zilisambaa kwa kasi. Wanawake waliokuwa wamezitumia wakiwa wajawazito waliingiwa na hofu, na baadhi yao waliamua kutoa mimba.

Wanasayansi wengine walipopitia matokeo yale, hawakuyathibitisha. Mwaka 1974 marufuku iliondolewa. Kwa wanawake wale, masahihisho yalikuwa yamechelewa.

Funzo lake halisemi kwamba gundi ni salama kabisa kwa mjamzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 katika jarida la kitabibu la JAMA ulifuatilia wajawazito 125 wa Canada waliofanya kazi zinazohusisha viyeyushi. Watoto 13 walizaliwa na kasoro kubwa, ikilinganishwa na mmoja tu kwenye kundi la wanawake ambao hawakukutana na viyeyushi hivyo. Hao ni wanawake waliokuwa wakivuta mvuke kazini, si waliopuliza kopo mara moja.

Mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja yanatoa ushauri ulio wazi. Mjamzito asipulize gundi. Amwachie mtu mwingine au atumie pini. Lakini aliyekwisha kupuliza mara moja kabla hajajua kuwa ana mimba asikose usingizi, na asichukue uamuzi wowote kwa hofu. Amweleze mkunga au daktari kwenye kliniki ya wajawazito, na kama kopo lipo alipige picha maandishi yake aende nayo.

Kwa nini mtoto huathirika zaidi

Mtoto mdogo hupumua haraka kuliko mtu mzima, na kwa uzito wake huvuta hewa nyingi zaidi. Halafu anaishi chini: anatambaa, anakaa mkekani, analala kwenye godoro lililo sakafuni. Huko chini ndiko mvuke mzito unakojikusanya. Mama aliyesimama anaweza kuhisi harufu imeisha, kumbe mtoto aliye chini bado yumo ndani yake.

Kwa mtoto mwenye pumu, hata kiasi kidogo kinaweza kumwanzishia kikohozi na kifua kubana. Nyumba yenye mtoto wa namna hiyo inafaa iachane na gundi ya kupuliza kabisa.

Wapo pia watoto wakubwa. Katika miji ya Afrika Mashariki kila mzazi amewahi kuona kijana wa mtaani na chupa ya gundi puani. Wengi hudhani janga hilo haliwezi kuingia ndani ya geti lao. Kuvuta mvuke wa kopo kwa makusudi kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua papo hapo, hata kwa anayejaribu mara ya kwanza. Kopo la gundi lifungiwe kabatini kama dawa zinavyofungiwa, na kijana aelezwe sababu bila kutishwa.

Kuchagua kopo

Dukani, jambo la kwanza ni kutazama kopo limekusudiwa kazi gani. Gundi ya mfarishi ni ile ya muda, inayoruhusu kitambaa kubanduliwa na kupangwa upya, kisha ikatoka kwa kufua. Kwenye makopo ya Kiingereza neno la kutafuta ni "temporary" na maelezo kwamba ni ya vitambaa.

Gundi ya mafundi wa sofa, ya viatu au ya mazulia ni ya kudumu. Mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu zaidi, na ndiyo wengi hushawishika kuibeba. Kwenye mfarishi huacha madoa, hufanya kitambaa kuwa kigumu, hunata kwenye sindano na haitoki kwa maji. Juu ya hayo, baadhi yake huwa na viyeyushi vikali zaidi.

Jambo la pili ni alama. Umbo la almasi lenye mstari mwekundu na mwali ndani lina maana kwamba kitu kinashika moto. Alama ya mshangao inaonya kuhusu kuwasha au kukera. Alama ya kifua cha mtu chenye umbo la nyota inaonya kuhusu madhara ya muda mrefu mwilini. Kama makopo mawili yanafanya kazi ileile na moja lina alama hiyo ya kifua, mzazi achukue lile jingine.

Jambo la tatu ni viambato. Mzazi aache kopo lolote lililoandikwa dikloromethani, ambayo pia huitwa methilini kloridi. Mwili ukiivuta, huigeuza kuwa monoksidi ya kaboni, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa. Aprili 2024 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kanuni ya kuipiga marufuku kwenye bidhaa zote za matumizi ya nyumbani.

Kopo lisilo na maandishi yanayosomeka, au lililobanduliwa lebo, lirudi kwenye rafu hata kama muuzaji anaapa kwamba ni zuri.

Kupuliza bila kujuta

Kazi hii ifanyike nje, mchana, mahali penye kivuli: barazani, uani, au chini ya mwembe. Anayepuliza asimame upepo ukitokea nyuma yake, na watoto wakae mbali, upande ule upepo unakotoka. Kama ni lazima iwe ndani, basi madirisha na mlango wa nje viwe wazi kwa pande mbili ili hewa ipite, milango ya vyumba ifungwe, na kusiwe na kitu chochote kinachowaka. Pasi ichomolewe kabla ya kuanza.

Vitambaa vifuliwe na kupigwa pasi mapema, kabla gundi haijafunguliwa. Chini yatandikwe magazeti au shuka kuukuu, kwa sababu gundi inayopita pembeni huacha sakafu ikinata, na mtoto anayetambaa ataizoa kwa viganja na kuipeleka mdomoni.

Kitambaa cha chini kinatandikwa upande mbaya ukitazama juu, kikivutwa kidogo kisiwe na mikunjo. Pamba inawekwa juu yake, kisha nusu yake inakunjwa kurudi nyuma. Gundi inapulizwa kwenye pamba, si kwenye kitambaa, kwa sababu pamba huificha na kupunguza madoa. Kopo lishikwe kwa umbali ulioandikwa, ambao mara nyingi ni kati ya sentimita 20 na 30, na mkono uendelee kutembea. Nusu hiyo inalazwa taratibu na kulainishwa kwa kiganja kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha nusu ya pili inafuata. Baada ya hapo kitambaa cha juu kinafanyiwa vivyo hivyo.

Kidogo kinatosha. Anayepuliza mpaka pamba ilowe anapoteza fedha, anavuta mvuke mwingi, na atalipia kwenye cherehani, ambako sindano itaanza kunata na kuruka mishono. Ikitokea hivyo, cherehani izimwe na sindano ifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo au ibadilishwe. Ni vyema kujaribu kwanza kwenye vipande vilivyobaki.

Kuhusu barakoa, ile ya kitambaa au ya hospitali huzuia matone ya gundi yasiingie puani, lakini haizuii mvuke. Mvuke huzuiwa na barakoa maalumu yenye vichujio vya kemikali. Fundi anayepuliza kila siku anaihitaji. Anayepuliza mara chache anahitaji zaidi hewa ya wazi.

Kazi ikiisha, mfarishi uachwe hapohapo nje mpaka harufu iishe. Usipelekwe chumbani ukiwa bado unanuka, na usipigwe pasi gundi ikiwa mbichi.

Njia zisizo na mvuke

Pini za kufunga, zile zilizotumika kwenye nepi za kitambaa, bado zinafanya kazi nzuri. Zinawekwa kila baada ya upana wa ngumi, kuanzia katikati. Zihesabiwe kabla na baada, maana pini moja iliyosahauliwa ndani ya mfarishi wa mtoto ni ajali inayosubiri.

Kupiga bandi kwa uzi wa rangi tofauti ni njia ya polepole lakini haina gharama wala harufu, na watoto wanaweza kukaa kando wakisaidia kupitisha uzi kwenye sindano. Njia nyingine ni gundi nyeupe ya shule, ile inayotoka kwa maji. Inachorwa kwa mistari myembamba, ikakaushwa kwa pasi, na huondoka kwenye kufua kwa kwanza. Kopo liandikwe kwamba gundi hiyo inafulika, kwani si kila gundi nyeupe hutoka.

Mfarishi ukikamilika

Kabla mtoto hajaugusa, mfarishi ufuliwe kwa sabuni, usuuzwe vizuri na kuanikwa juani mpaka ukauke hadi ndani ya pamba. Kama ulitumia gundi nyingi, ufuliwe mara mbili.

Na hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi wapya hawaambiwi wanapopewa zawadi: mfarishi si wa kumfunika mtoto mchanga akilala. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kitanda cha mtoto aliye chini ya mwaka mmoja kisiwe na mto, mfarishi wala kitu kingine laini, kwa sababu vinaweza kumziba pumzi. Alazwe chali kwenye godoro gumu lenye shuka lililobana. Mfarishi mzuri wa bibi utandikwe sakafuni achezee juu yake mchana huku mtu akimwangalia, na umngoje akue ndipo awe mwenye kitanda.

Ajali ikitokea

Gundi ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali. Ikigusa ngozi, ioshwe kwa sabuni na maji. Aliyevuta mvuke akaona kizunguzungu atolewe nje mara moja, na asiporudi katika hali yake apelekwe kituo cha afya. Mtoto aliyemeza asitapishwe wala asinyweshwe maziwa au mafuta kwa nguvu, kwani akitapika kiyeyushi kinaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe hospitali haraka, na kopo liende naye.

Kopo lisiachwe juani, karibu na jiko wala ndani ya gari lililofungwa; mengi huandikwa yasipate joto linalozidi nyuzi 50. Kopo tupu lisitobolewe na lisitupwe kwenye shimo la kuchomea taka, kwa sababu gesi inayobaki hulipuka. Kila aliyewahi kuchoma taka uani anaujua mlio huo, na watoto hupenda kusimama karibu na moto.

Mama wa saa tatu usiku hana haja ya kuacha kushona. Anachohitaji ni kuihamisha kazi ya gundi kutoka usiku kwenda mchana, na kutoka sebuleni kwenda barazani. Usiku, watoto wakilala, abaki na sindano na uzi tu, na ule mlango wa chumbani uendelee kuwa wazi ili amsikie mdogo akilia.